Skuli ya tiba ya wanyama inahamishiwa shambani: tuulize nini kabla ya kupiga kura?

*"Shikamoo Profesa. Mimi ni daktari wa mifugo wa wilaya, na wahitimu wenzangu wamenichagua niwawakilishe kwenye baraza la chuo kikuu tulichosoma. Skuli yetu ya tiba ya wanyama iko mjini tangu ianzishwe. Sasa menejimenti inataka kuihamishia kwenye shamba la chuo, kilomita kama 40 kutoka mjini. Kiwanja cha mjini atapewa mwekezaji, fedha zake zijenge madarasa na hosteli, na mfadhili wa nje ameahidi kujenga hospitali ya kisasa na kuiwekea vifaa. Tunaambiwa skuli zote kubwa duniani zimeshatoka mijini, kwamba hospitali mpya itajiendesha yenyewe, na kwamba tukichelewa mfadhili ataondoka. Walimu wamegawanyika. Wengine wanasema wanafunzi wanahitimu bila kumgusa ng'ombe mgonjwa, wengine wanasema huko shambani hakuna mgonjwa atakayekuja. Kura itapigwa kikao kijacho. Mimi si mtu wa ujenzi wala wa hesabu. Niulize nini?"*

Marahaba, daktari. Jina la chuo na la mji nimeyaondoa kama ulivyoomba. Na usijidharau kwa kuwa hujui ujenzi wala hesabu. Jambo linaloamua kama skuli ya tiba ya wanyama itasimama au itadorora baada ya kuhama, wewe unalijua kuliko mhandisi yeyote: mnyama mgonjwa yuko wapi, na mwenye mnyama anaweza kumfikisha wapi.

Nikikusoma vizuri, una hofu mbili zilizofungwa pamoja. Moja ni ya mahali: je, shambani kutakuwa na wagonjwa wa kufundishia? Nyingine ni ya fedha: je, tukishajenga, nani atalipa? Menejimenti imeziunganisha kwa sababu kiwanja cha mjini ndicho kinacholipia jengo la shambani. Nakushauri uzitenganishe, maana mahali panaweza kuwa pazuri na mpango wa fedha ukawa mbovu, au kinyume chake. Historia yetu wenyewe ina mfano.

Mafunzo ya tiba ya wanyama Afrika Mashariki yalianzia Makerere wakati wa ukoloni, kwa ngazi ya diploma. Mwaka 1962 yakahamishiwa Kabete, pembeni mwa Nairobi. Uamuzi ule ulikuwa na sababu za maana. Kabete kulikuwa na maabara ya serikali ya magonjwa ya mifugo tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Muguga, jirani tu, kulikuwa na kituo cha utafiti cha Afrika Mashariki, ambako Walter Plowright na wenzake walitengeneza chanjo ya sotoka, yaani tauni ya ng'ombe, iliyofungua njia ya ugonjwa ule kutangazwa umetokomezwa duniani mwaka 2011. Kuzunguka Kabete kulikuwa na ng'ombe wa maziwa wa nyanda za juu, na mbwa, paka na farasi wa jiji hawakuwa mbali. Skuli iliwafuata wagonjwa, maabara na walimu mahali walipokuwa tayari. Haikupelekwa porini kwa matumaini kwamba watakuja.

Mwaka 1963 kikaundwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na nchi tatu zikagawana taaluma za gharama: sheria Dar es Salaam, utabibu na kilimo Makerere, uhandisi na tiba ya wanyama Nairobi. Alikuja Ian McIntyre kutoka Glasgow kuwa mkuu wa kitivo pale Nairobi. Skuli moja ikawa ya nchi tatu. Kisha mwaka 1970 chuo kile kikavunjwa kila nchi ibaki na chake. Uganda ikaanzisha kitivo chake Makerere mwaka 1971, baada ya miaka tisa tu tangu mafunzo yaondolewe pale pale. Tanzania ikaanza Morogoro mwaka 1976, chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1984 Morogoro ikawa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Kabete palikuwa pazuri na pangali pazuri. Kilichobadilika ni makubaliano kuhusu nani anaimiliki skuli na nani anailipia, na makubaliano yalipobadilika, nchi mbili zilijikuta zinaanza upya. Ndiyo maana nasema utazame mkataba wa fedha kwa jicho lile lile unalotazamia ramani.

Sasa hilo la "skuli zote kubwa zimeshatoka mijini". Ni nusu ya ukweli, na nusu iliyoachwa ndiyo yenye faida kwako.

Edinburgh, Uskochi, mara nyingi ndiyo inayotajwa. Skuli ile ilianzishwa na William Dick mwaka 1823, ikakaa miaka mingi kwenye jengo la Summerhall katikati ya jiji, na mwaka 2011 masomo yakahamia Easter Bush, kusini mwa jiji. Lakini tazama mpangilio. Easter Bush palikuwa na kituo cha skuli cha mafunzo ya shambani kwa miongo mingi. Hospitali za wanyama zilitangulia kujengwa pale na zikawa zinapokea wagonjwa kabla mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hajahamishwa. Taasisi ya utafiti ya Roslin, ile ya kondoo Dolly aliyezalishwa kwa kunakili chembe ya kondoo mwingine, ikahamia ubavuni mwao mwaka ule ule wa 2011. Na kutoka pale hadi jijini ni mwendo mfupi wa gari kwenye barabara nzuri. Kwa hiyo Edinburgh ilihamisha wagonjwa kwanza, ikafuatisha madarasa. Mpango ulionisimulia unaanza na madarasa na hosteli, hospitali inasubiri mfadhili.

Norwei nao walihama. Skuli yao ilikuwa Adamstuen, Oslo, tangu 1935. Bunge liliamua mwaka 2008 kwamba ihamie Ås, kwenye chuo cha kilimo ambacho wenzetu wa Morogoro wamekuwa na ushirikiano nacho kwa miaka mingi. Vyuo viliunganishwa mwaka 2014. Wanafunzi na wagonjwa walihamia jengo jipya mwaka 2021. Hesabu mwenyewe: miaka 13 kutoka uamuzi hadi kuhamia, katika nchi tajiri yenye mafuta, kwa jengo la mita za mraba kama 63,000. Muda huo wote ilibidi jengo la zamani liendelee kufanya kazi, mabomba yatengenezwe, mashine zihudumiwe. Swali la "tutaishi vipi wakati wa kungoja" halimo kwenye maelezo uliyonipa, nami nadhani halimo hata kwenye andiko la mradi. Na jambo jingine: Wanorwe hawakuhamisha kila kitu. Mafunzo ya kondoo na mbuzi yalibaki Sandnes, kusini-magharibi, kwa sababu kondoo wako huko.

Kuna waliochagua kukaa sehemu mbili. Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, kina hospitali ya mbwa na paka ndani ya jiji la Philadelphia, na hospitali ya farasi na ng'ombe New Bolton, mashambani huko Kennett Square, kwenye eneo walilolipata mwaka 1952. Hata Nairobi haijawahi kuwa mahali pamoja. Anatomia hufundishwa Chiromo, karibu na katikati ya jiji, na miaka ya kliniki ndiyo huenda Kabete. Wangari Maathai, yule mtetezi wa mazingira wa Kenya, alikuwa mwalimu wa idara ile ya anatomia Chiromo, lakini utafiti wa kupe na ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na kupe, ulimtoa maabara ukampeleka vijijini, na huko ndiko alikoona jinsi mito ilivyojaa udongo na ng'ombe walivyokonda.

Nikueleze sasa kwa nini naing'ang'ania hoja hii ya wagonjwa. Mwanafunzi wa tiba ya wanyama hapati ujuzi kwa kumwona mgonjwa mmoja wa kila ugonjwa. Anaupata kwa kurudia, mikono ikizoea, jicho likizoea, mpaka siku anamwona ng'ombe amesimama vibaya kwa mbali na tayari anajua pa kuanzia. Tuseme darasa lina wanafunzi 60 wanaozunguka hospitalini kwa makundi ya sita sita. Hospitali ikipokea wagonjwa 12 kwa siku, kila mwanafunzi wa kundi atakuwa na wawili wa kuwashughulikia mwenyewe, tangu kuandika historia hadi kuandika dawa. Wakishuka hadi wanne kwa siku, wawili kati ya sita wanasimama nyuma wakichungulia begani mwa wenzao. Kwa nje hakuna aliyebadilika: jengo jipya, walimu wale wale, mtaala ule ule. Ila aliyehitimu akichungulia atakuja kuwa msaidizi wako wilayani, na utamjua ndani ya wiki ya kwanza.

Mwenye mbwa aliyegongwa na gari saa mbili usiku hawezi kwenda kilomita 40. Atatafuta duka la dawa za mifugo lililo karibu, au atamwacha mbwa afe. Mwenye kuku 300 wanaoanguka kwa kideri ataleta mizoga mitatu kwenye mfuko wa plastiki ikiwa maabara iko njiani mwake anapokwenda sokoni. Ikiwa anahitaji nauli ya mabasi mawili, haleti. Kwa hiyo wanaosema mtapoteza wagonjwa wa mjini wana haki. Wanyama wadogo na kuku mtawapoteza kwa sehemu kubwa.

Lakini wale wengine nao wana haki wanaposema wanafunzi hawamgusi ng'ombe. Kosa liko kwenye dawa wanayopendekeza. Wanadhani ukiipeleka skuli shambani, ng'ombe wa shamba watakuwa wagonjwa wa kufundishia. Hapana. Shamba la chuo likiendeshwa vizuri lina ng'ombe wazima. Wanaogeshwa, wanachanjwa, wanakula vizuri. Mwanafunzi atajifunza kukamua, kulisha, kupima mimba na kumshika mnyama bila woga, na hayo ni ya lazima. Ila homa ya maziwa (ng'ombe aliyezaa kuishiwa kalsiamu), ndama aliyekwama, kondo la nyuma lililogoma kutoka, ndigana kali, vyote hivyo viko kwa wafugaji. Na ng'ombe aliyelala chini haji hospitali hata ukiijenga kwa marumaru. Daktari ndiye humfuata.

Unaikumbuka kliniki ya kuzunguka ya enzi zako? Pikapu moja, wanafunzi sita, ndoo, sabuni, kamba, sanduku la dawa. Simu inapigwa alfajiri: ng'ombe amezaa jana, leo hasimami. Mnamkuta ameikunja shingo ubavuni, masikio ya baridi, pua kavu. Mwanafunzi mmoja anashika chupa ya kalsiamu, mwingine ameweka sikio kwenye mapigo ya moyo na anasema "punguza" kila moyo unapobadilika, wa tatu anaongea na mama mwenye ng'ombe kuhusu alivyomlisha kabla ya kuzaa. Dawa inaingia polepole. Misuli inaanza kutetemeka, ng'ombe anacheua, baada ya muda anajikusanya na kusimama. Mwanafunzi aliyeishika ile chupa hatasahau kipimo wala kasi maisha yake yote. Somo lile linahitaji dereva, mafuta, matairi na mwalimu asiye na vipindi vingine asubuhi hiyo. Jengo halimo. Kwa hiyo kabla ya kukubali kwamba tatizo la ng'ombe linatibiwa kwa kuhama, uliza kliniki ya kuzunguka ina magari mangapi yanayotembea leo, na fungu la mafuta la mwaka jana lilitolewa kwa asilimia ngapi. Mara nyingi jibu la malalamiko yote liko hapo.

Fedha sasa. Kujenga skuli ya tiba ya wanyama ni ghali, lakini kujenga ndiyo sehemu rahisi, kwa sababu jengo lina siku ya kuzinduliwa na kila mtu anapenda kukata utepe. Ghali isiyo na utepe ni ya kila siku: formalini na chumba cha baridi cha maiti za anatomia, tanuru la kuchomea mizoga linalokula dizeli, vitendanishi vya maabara, gesi ya usingizi, filamu au mashine ya eksirei na fundi wake, jenereta, maji mengi, wauguzi wa wanyama wa zamu ya usiku, chakula cha wanyama waliolazwa. Mwanafunzi wa sheria anahitaji kiti, maktaba na mwalimu mzuri. Huyu anahitaji hospitali nzima, na ya kwake haina bima ya afya inayoilipia. Serikali zetu huwa na mafungu mawili, la maendeleo na la matumizi ya kawaida. Jengo linaingia la kwanza. Yote niliyoyataja yanaingia la pili, lile linalokatwa kwanza mwaka ukiwa mbaya.

Ndiyo maana ile kauli ya "hospitali itajiendesha yenyewe" nakuomba uipinge kwa heshima lakini bila kulegea. Hospitali ya kufundishia haiwezi kufanya kazi kwa kasi ya kliniki ya biashara. Mwanafunzi anapomchunguza mbwa kwa dakika 40 ili ajifunze, mgonjwa mwingine anangoja. Ng'ombe wa mkulima mdogo anatibiwa kwa bei ambayo mkulima anaimudu, la sivyo haji, na asipokuja hamna somo. Fedha zinazoingia hospitalini zinasaidia, na kuna hospitali za vyuo zinazolipia sehemu nzuri ya dawa na mishahara yao kwa ada za wanyama wadogo wa mjini. Lakini angalia: ni wanyama wadogo wa mjini, hao hao mnaotaka kuwaacha kilomita 40 nyuma. Mpango unahesabu mapato ya wagonjwa ambao umewakimbia. Mwulize mwenye andiko akuonyeshe ukurasa unaosema mapato yanatoka kwa mnyama gani, wa nani, anayeishi wapi.

Kuhusu mfadhili, sina neno baya. Skuli zetu zimesimama kwa misaada: Morogoro kwa mfano ilibebwa miaka mingi na Denmark na Norwei. Hata leo majengo mengi ya vyuo Tanzania yanatokana na mradi wa HEET, mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 ulioidhinishwa mwaka 2021. Mradi una tarehe ya kuanza na ya kufungwa. Mashine haifahamu tarehe hizo. Mashine ya eksirei iliyotolewa bure ina vipuri vinavyouzwa na kampuni moja, fundi wake anatoka nje, na mwaka wa nne inafunikwa shuka. Waombe waandike ndani ya mkataba nani analipia matengenezo, vipuri na vitumikavyo kwa miaka 10, na nani atafunzwa kuitengeneza. Mfadhili makini hataudhika. Wengi wao wamechoka kukuta vifaa vyao vimefunikwa shuka.

Na usidhani kutegemea serikali moja kwa moja ndiyo usalama kamili. Skuli ya Pennsylvania niliyoitaja hupata ruzuku ya jimbo kila mwaka. Desemba 2023 ruzuku hiyo ilikwama bungeni kwa mvutano wa kisiasa ambao haukuhusu ng'ombe wala mbwa hata kidogo. Uingereza mwaka 1989 kamati ya serikali iliyoongozwa na Riley ilipendekeza skuli za Cambridge na Glasgow zifungwe, kwa hesabu kwamba nchi haitahitaji madaktari wengi wa mifugo. Wahitimu, wafugaji na wananchi wakapaza sauti, skuli zikanusurika, na baadaye Uingereza ikaanza kufungua skuli mpya. Nakutajia haya kwa sababu mbili. Hesabu za mahitaji ya miaka 20 ijayo hukosea, hata za watu makini, kwa hiyo mpango wowote usiokuwa na njia ya kurudi nyuma ni wa hatari. Na sauti ya wahitimu kama ninyi ina uzito kuliko mnavyodhani.

Kiwanja cha mjini ndicho kinachoninyima usingizi zaidi katika barua yako. Ardhi ya chuo cha umma ni mali ya umma. Kwa kawaida chuo hakiwezi kuigawa kwa uamuzi wa baraza peke yake, inahitajika ridhaa ya wizara na ya Hazina, na fedha za mauzo zinaweza kuingia mfuko mkuu wa serikali zisirudi kwenu kabisa. Uliza kwanza hati iko kwa jina la nani na ina masharti gani. Uliza ni kuuza au kupangisha. Ardhi iliyouzwa haikombolewi, na mji ukishakua mtakuja kuitamani. Ardhi iliyopangishwa kwa miaka maalumu huleta kodi kila mwaka, na kodi hiyo inaweza kufungwa kisheria kwenye gharama za kuendesha hospitali. Ikiwa lazima kiwanja kitumike, basi kilipe dizeli na dawa za miaka 30 ijayo, ukuta ujengwe kwa fungu la maendeleo. Wapangaji wengi hufanya kinyume kwa sababu fedha za mkupuo zinavutia macho.

Njia mlizo nazo si mbili tu, kuhama au kubaki. Ipo ya kuhama yote, na inafaa ikiwa kuna barabara ya lami, umeme wa uhakika, maji, na wafugaji wengi wa maziwa ndani ya mwendo wa nusu saa kutoka shambani. Ipo ya kukaa sehemu mbili, wanyama wadogo, kuku na uchunguzi wa mizoga mjini, wanyama wakubwa shambani. Ubaya wake ni gharama ya kuendesha milango miwili, walimu kupotelea barabarani, na vifaa kununuliwa mara mbili. Ipo pia ile waliyoichagua Nottingham ya Uingereza mwaka 2006 na Calgary ya Kanada miaka miwili baadaye, ya kutokuwa na hospitali kubwa ya chuo kabisa na kuwapeleka wanafunzi kwenye kliniki binafsi na za serikali zilizoingia mkataba. Inapunguza sana gharama ya ujenzi. Lakini inahitaji kliniki nyingi nzuri zenye madaktari walio tayari kufundisha, na wewe unajua hali ya kliniki za wilayani kwetu. Kama njia pekee, kwa sasa siioni. Kama nyongeza, yaani mwanafunzi akae wilayani kwako miezi miwili na chuo kikulipie kumsimamia, ni nzuri na ni rahisi.

Kwa niliyoyasoma kwenye barua yako, ningekuwa kwenye kiti chako ningesimamia sehemu mbili, kwa hatua. Kwanza kliniki ya kuzunguka ipewe magari na fungu lake lisiloguswa, ianze kuhudumia wafugaji wa kule shambani sasa hivi, kabla ya tofali la kwanza. Ndani ya mwaka mmoja au miwili rejesta itasema yenyewe kama kuna wagonjwa. Wakiwapo, ijengwe kliniki ya wanyama wakubwa na mabweni ya wanafunzi wa miaka ya mwisho. Hospitali ya wanyama wadogo na chumba cha mizoga vibaki mjini, kwenye sehemu ya kiwanja, inayobaki ipangishwe. Mwaka wa kwanza na wa pili hauna sababu ya kuhama kabisa. Naweza kuwa nimekosa taarifa fulani itakayobadilisha ushauri huu: kama kile kiwanja kimezungukwa na mji kiasi kwamba malori ya mifugo hayaingii, au maji taka ya chumba cha mizoga yanamwagika kwenye mtaro wa watu, hapo kubaki nako kuna gharama kubwa, na nisingekulaumu ukiunga mkono kuhama mapema.

Chumba cha mizoga kinastahili swali la peke yake, maana wachoraji majengo hukisahau. Anayefungua mzoga wa ng'ombe mwenye ugonjwa unaoambukiza watu, kama homa ya Bonde la Ufa, anahitaji winchi ya kuuinua, sakafu inayooshwa, mtaro wenye tangi lake tofauti na la hosteli, na tanuru linalofika joto la kutosha karibu na mlango, ili mzoga usivutwe uani. Nimeona michoro ambayo mzoga ungepita mbele ya jiko la wanafunzi. Dai kuona mchoro wa chumba hicho kabla ya mchoro wa lango kuu.

Yapo mambo ambayo barua yangu haiwezi kuyamaliza, na hapo utafute mtu wa kukaa naye ana kwa ana. Hati na mkataba wa mwekezaji apewe mwanasheria wa ardhi asiyelipwa na mwekezaji wala na ofisi iliyoandika mpango. Thamani ya kiwanja ipimwe na mthamini aliyesajiliwa, mbali na yule wa mnunuzi. Maji ya shambani yapimwe na mtaalamu wa visima wakati wa kiangazi, hospitali isiyo na maji haioshi hata mikono. Na bodi au baraza la veterinari la nchi yenu liitwe mapema, waje watembee kwenye eneo. Wao ndio watakaoamua kama wahitimu wa miaka ya mpito watasajiliwa. Mwanafunzi aliyeko mwaka wa tatu leo ndiye atakayekutwa katikati, hospitali ya zamani imefungwa na mpya haijafunguliwa, na hakuna aliyekutajia jina lake kwenye mpango huu. Muulizie yeye hasa.

Kuhusu kwamba mfadhili ataondoka mkichelewa: pendekeza baraza limwandikie rasmi kwamba mnakubali kimsingi na mnaomba miezi sita ya kukusanya takwimu, mkimtajia takwimu zenyewe. Omba nakala ya rejesta ya hospitali ya miaka mitatu, mgonjwa mmoja mmoja na kata anayotoka. Msajili wa hospitali anaweza kuitoa ndani ya wiki. Ukiipata, ichore kwenye ramani kabla ya kikao, na unitumie. Nitaisoma pamoja nawe.